Soksi Mbele ya Shangazi

Binti yangu Neema alikuja na soksi mpya, nyeupe, bado ziko kwenye nailoni yake, akaziweka kitandani kando ya gauni tulilomchagulia mama yake. Nikamwambia azirudishe. Akanitazama kwa yale macho ambayo watoto huwatazama nayo wazee waliofiwa, macho ya kukuhurumia na kukushuku akili kwa wakati mmoja. "Baba, mama hawezi kwenda miguu mitupu." Nikasema sijasema miguu mitupu. Nikafungua kabati, rafu ya chini, nikatoa kopo la biskuti ambalo ndani yake naweka karafuu za kufukuza wadudu, na kutoka humo nikatoa soksi za kijivu. Neema akashika kichwa. "Hizo?" Ndiyo, hizo. Watu wa Izigo walikuwa wamejaa uani, wanawake wanamenya ndizi za msiba, mchungaji anaulizia saa, na hapakuwa na nafasi ya kueleza kitu. Sasa matanga yamekwisha, watoto wamerudi Mwanza na Dar es Salaam, nyumba imenyamaza kabisa, na mimi nafasi ninayo. Naandika ili Neema aelewe kwamba sikuwa nimechanganyikiwa.

Sisi Wahaya tunasemwa kwamba tunajisifu. Sasa mtu afanye nini kama analo la kujisifia? Mimi najua kutunza soksi. Sijaona mtu Bukoba wala Muleba anayenizidi, na kama yupo aje na soksi zake tuzitazame. Ujuzi huo niliupata mwaka mmoja wa ujana wangu, nikiwa karani katika ghala la kahawa pale Bukoba mjini, na niliupata kwa sababu nilikuwa nimemwona Kemilembe, mama yake Neema, kwenye harusi Kemondo. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, sahani ya wageni mkononi, anacheka jambo ambalo sikulisikia, na nikataka kulisikia. Nilitaka hivyo hivyo tu kwa maisha yangu yote yaliyobaki, niwe karibu nisikie anachekea nini.

Kwao ni Nshamba. Baba yake alikuwa mpole kupita kiasi, akitoa neno moja asubuhi linamtosha mpaka jioni. Mwenye amri pale nyumbani alikuwa dada yake mkubwa, shangazi wa Kemilembe, aliyeitwa Ma Kokugonza. Nyumba ilikuwa ya bati na sakafu ya saruji, lakini juu ya saruji ile Ma Kokugonza alitandika nyasi kama mama yake alivyotandika, safi, zote zimelazwa upande mmoja, na ole wako uzikanyage na viatu. Mgeni alivua viatu mlangoni, na kigoda cha Ma Kokugonza kilikaa hapo hapo pa kuvulia. Hakuangalia uso wa mtu. Uso, alikuwa akisema, kila mtu anauosha akienda ugenini. Yeye aliangalia miguu. Mshenga wangu, Ta Elieza, mzee wa kanisa na rafiki mkubwa wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, alinionya mapema kwamba wachumba wawili walisharudishwa kutoka mlango ule. Mmoja soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia. Wa pili alivaa soksi mpya kabisa. "Mpya ina kosa gani?" nikauliza. "Shangazi alisema huyu amenunua miguu jana," akajibu Ta Elieza, na hakucheka.

Kwa hiyo zilitakiwa soksi za zamani zisizo na aibu, na mimi nilizokuwa nazo zilikuwa vumbi lililoshikana. Mwaka ule hata ukitaka kununua, ukiingia dukani unakuta rafu na mwenye duka, basi. Nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa Bi Hadija, mjane wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara akasahau kurudi. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja uliofungwa waya, na dirisha lililofunguka jikoni kwake, kwa hiyo asubuhi niliamshwa na tangawizi kabla ya muadhini. Siku za Ijumaa alipika pilau, akinipakulia huku ananisimanga: "Kula, kula, nyie Wahaya mnajua ndizi tu, tumbo limejaa mtu hajala." Nilimpenda sana mama yule. Nilipomweleza habari za mlango wa Nshamba aliingia chumbani, akatoka na soksi za marehemu mume wake, Mzee Salum, aliyekuwa mhudumu kwenye meli ya ziwani. Zilikuwa za sufu, kijivu, nyembamba hata unaweza kuzifumbata zote mbili kiganjani, na ukizivuta zinarudi. Abiria mmoja alimpa kwa wema wake. "Amezivaa mpaka amekufa," akasema Bi Hadija. "Nazitaka ziishi. Ukizichakaza, na chumba unahama."

Ndipo shule ikaanza. Kwanza alitazama miguu yangu, akanipa wembe nikate kucha, akisema kinachotoboa soksi hakitoki nje, kinatoka ndani kwako mwenyewe. Kisha akanifundisha kufua. Ukivua, fua leo hii, jasho likilala kwenye sufu linaila. Geuza ndani nje. Maji yawe baridi, sabuni uikorogee ndani ya maji kwanza, usiipake kwenye soksi kama unasugua sufuria. Usifikiche, bonyeza tu. Na kukamua, hapo ndipo aliponipiga kofi mkononi, kofi la kweli. "Unanyonga kuku?" Soksi haikamuliwi; unailaza juu ya kanga kuukuu iliyokauka, unaiviringisha, unakandamiza, kanga inakunywa maji yake. Halafu unaianika imelala, kivulini. Ukiitundika kwa kidole inarefuka, ukiianika juu ya bati inakakamaa kama dagaa. Usikunje shingo ya moja juu ya nyingine kama wafanyavyo watu wote, mpira unachoka bure. Na ukiivaa leo, kesho iache ipumzike. Mimi niliyezoea kulowanisha kila kitu kwenye beseni moja, shati na soksi na taulo, niliona mama huyu ana wazimu wake. Lakini nilifanya, kwa sababu kila nilipofumba macho niliona kigoda kimewekwa mlangoni.

Safari ya kwanza tulikwenda mvua za senene zilipoanza. Nilivua viatu. Ma Kokugonza, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kichwa kilichokazwa hasa, akanitazama miguu kwa muda ambao mtu angeweza kumenya ndizi. Akasema "Hm." Kisha akasema, "Pita, waitu." Nikaletewa akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikombe kidogo kilichosukwa kwa majani, nikatafuna zile buni nikijitahidi meno yasigongane. Kemilembe alipita mara moja na kibakuli cha senene wa kukaanga, akakiweka mbele yangu, na kwa kuwa alikuwa ameinama nilimsikia akisema chini chini, "Umevuka." Nilirudi Bukoba siku ile nikiwaambia watu barabarani habari ambazo hawakuniuliza, kwa furaha.

Shida ilikuja polepole, kwenye kisigino. Viatu vyangu vilikuwa vigumu, na baada ya miezi kadhaa ya kanisani na ya kwenda Nshamba kupeleka salamu, Bi Hadija aliinua soksi ya kushoto kwenye mwanga akaona mahali pamekonda. "Usingoje tundu," akasema. "Tundu ni uzembe uliokwisha kukomaa." Alikuwa amehifadhi soksi moja pekee, mwenzake ilipotea zamani, ya sufu ile ile; tukaifumua tupate uzi. Akanipa sindano butu yenye jicho kubwa, akaingiza balbu iliyoungua ndani ya soksi ili kisigino kikae mviringo, akanionyesha: nyuzi zilizolala kwanza, kisha unapita juu, chini, juu, chini, kama unasuka mkeka, wala usivute, wala usipige fundo, fundo litakuuma mguuni. Kazi yangu ya kwanza aliikata kwa mkasi. "Hiki ni kidonda," akasema. Ya pili akaikata pia. Nilikaa uani kwake jioni nyingi, chai pembeni, yeye akichambua mchele na kunisimulia visa vya majirani, mpaka siku moja akapitisha kidole gumba juu ya kisigino, akapitisha tena, akasema hapaoni. Nikaenda chumbani nikajitazama kwenye kioo kama mtu aliyepandishwa cheo. Toka siku ile alinilazimisha kubeba sindano chini ya ukosi wa koti, na uzi umezungushwa kwenye kijiti cha kiberiti mfukoni, kwa sababu mwanamume, alisema, hajui soksi itamsaliti wapi.

Safari ya pili ilikuwa ndiyo ya kupewa jibu. Kahawa ilikuwa inaanikwa kila ua Nshamba, harufu yake imejaa hewani, nami nilijiamini hata Ta Elieza akaniambia nipunguze mwendo. Nilivua viatu. Ma Kokugonza akatazama, halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza. Aliinama, akakishika kisigino changu cha kushoto kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa. Hakusema "Hm." Alisema tu nipite. Tulikula ndizi na maharage, zimepikwa vizuri kwenye jani, na sato juu yake, lakini maongezi yalikuwa mazito, watu wanauliza habari za mvua ambayo wote tuliiona. Nilipotoka nyuma kunawa mikono nikasikia sauti ya shangazi jikoni, anazungumza Kihaya kwa kunong'ona kwake ambako kulisikika mpaka migombani. "Kisigino kile kimefumwa na mkono wa mwanamke. Tena mwanamke anayempenda, maana ametulia, hakuruka hata uzi. Yule kijana ana mke Bukoba." Mwanamke mwingine akashangaa kwa Kihaya, "Mawe!" Nilisimama na maji yananidondoka viganjani, nikatamani kuingia jikoni niseme, lakini mkwe mtarajiwa haingii jikoni kwa wakwe, hata nyumba ikiungua. Jibu likawa kwamba watatuma neno.

Neno lililetwa na Ta Elieza wiki iliyofuata, na lilikuwa lile lile la jikoni. Nilimwambia Bi Hadija nikitegemea huruma. Mama yule alicheka mpaka akaketi chini, akajifuta machozi kwa ushungi, akacheka tena. "Yaani tumefanya vizuri mno!" Kisha hasira zikampanda kwa zamu yake, akaanza kutafuta viatu. "Nakwenda Nshamba mwenyewe. Nitamwambia huyo shangazi, mke wake ni mimi, ajuza huyu, anitazame vizuri." Nikamshika mkono. "Mama, ukitokea pale, nimekwisha. Watasema mwanamke wa mjini kaja mwenyewe kudai chake." Tukakaa uani, soksi zimelala kwenye kanga katikati yetu. Niliumia, sitaficha. Ningerudishwa kwa tundu ningekubali. Kurudishwa kwa kuwa nimeziba tundu vizuri, hapana. Nilimtuma Ta Elieza aseme ukweli, kwamba nimefuma mwenyewe. Akarudi akasema baraza zima limecheka, isipokuwa Kemilembe, ambaye alimsindikiza mpaka njiani na kumwambia, "Mwambie kama ni yeye, aje. Asitume mdomo, alete mikono."

Nikaenda. Ma Kokugonza hakuwa kwenye kigoda. Alikuwa jikoni anamenya ndizi, na aliposikia nimefika na Ta Elieza alitoka na kisu cha kumenyea mkononi, vidole vyeusi kwa utomvu, akaketi. "Vua," akasema. Nikavua viatu. "Vua na soksi." Nikampa ya kushoto. Mbele ya macho yangu, mbele ya wajomba na baba wa Kemilembe na wanawake waliojazana mlango wa jikoni, alitumbukiza ncha ya kisu kwenye kisigino akavuta. Nyuzi zikaachia. Kilio kidogo kilinitoka, wallahi kama angesikia Bi Hadija! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Soksi ile nilikuwa nimeilaza na kuiamsha kama mtoto mchanga, na sasa ina tundu la kupitisha sarafu, na kando ya tundu doa jeusi la utomvu wa ndizi, ambao kila mtu Kagera anajua hautoki hata ufanyeje. Akanirushia. "Fuma."

Basi nikaketi kwenye nyasi, mguu mmoja mtupu. Nikageuza ukosi wa koti nikachomoa sindano, na mwanamke mmoja mlangoni akapiga yowe, "Anatembea nayo!" Nikatoa kijiti changu cha uzi. Balbu sikuwa nayo. Nikatazama huku na huku, nikaona kibuyu kidogo cha rubisi mkononi mwa Ta Elieza, tako lake mviringo kama kisigino cha mtu. "Ta Elieza, nakiomba." Mzee akakitazama kibuyu, akanitazama mimi, akakimaliza chote kwa pumzi moja akanipa. Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia, mikono ikatulia. Nikaingiza kibuyu ndani ya soksi, nikalaza nyuzi, nikaanza. Baba yake Kemilembe alisogea na kiti chake, akasogea tena, mpaka akawa ananipumulia shingoni, akaanza kuifuata sindano kwa mdomo: "Juu. Chini. Juu. Chini." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyopata kumsikia akisema siku moja. Sikuharakisha. Nilijua sasa nilipo, na nilijua hakuna mtu ndani ya nyumba ile anayeweza kunifanya niruke uzi.

Nilipomaliza nilimpa Ma Kokugonza kwa mikono miwili. Akaingiza mkono ndani, akainua kisigino kwenye mwanga wa mlango, akakipitisha shavuni. "Nani alikufundisha?" Nikasema ni mama mwenye nyumba wangu, Bi Hadija, mjane, umri wake kama wako. "Mwambie anafundisha vizuri. Lakini hapa pembeni pamevutika." Nikasema, "Hapo ndipo ulipovuta kisu, Ma." Wanawake walipasuka kwa vicheko, na kicheko kimoja nilikitambua, kile cha Kemondo, na safari hii nilijua kinachekea nini. Ma Kokugonza hakucheka. Aligusa doa. "Utomvu huu hautatoka." "Najua, Ma." "Vizuri. Utakuwa unanikumbuka." Kisha akageuka kuelekea jikoni akaagiza niletewe akamwani, na chakula, na Ta Elieza ajaziwe kibuyu chake. Wakati wa kula nilimsikia akimwambia Kemilembe nyuma ya mlango, kwa kunong'ona kule kule, "Mchukue. Ila ujue hutaweza kumficha jambo, mtu huyu anaona hata uzi mmoja."

Tulifunga ndoa mwaka ule ule, Bi Hadija akakaa kanisani kiti cha mbele na ushungi wake mpya, kando ya Ma Kokugonza, na walivyonong'onezana mchungaji alilazimika kukohoa. Kemilembe aliniambia mapema kwamba kushona hawezi wala hataki. Yeye atamenya ndizi, mimi nifume. Tuliishi hivyo. Majirani wa Izigo walicheka kumwona mwanamume barazani na balbu ndani ya soksi ya shule ya mtoto, kisha wakaanza kuleta za watoto wao. Soksi za kijivu nilizivaa siku kuu tu, mpaka siku moja Kemilembe alipozifua kwa maji ya moto. Zilisinyaa zikawa ndogo za kike. Nilijaribu kuzivuta, hazikukubali. Yeye akazichukua, akazivaa, zikamkaa sawasawa. "Basi ni zangu," akasema, na akacheka kile kicheko chake. Mpaka leo nashuku hakukosea maji. Alizivaa majira yote ya baridi za Juni, na mwisho, alipougua na miguu yake ikawa haipati joto, alizivaa kila siku, nami nilizifua kila siku, nikaziviringisha kwenye kanga, nikazianika kivulini.

Kwa hiyo asubuhi ile, Neema akiwa amesimama na soksi zake mpya, niliinua zile za kijivu kwenye mwanga wa dirisha kama ilivyo desturi yangu, na kwenye kisigino cha kushoto, pembeni ya doa la utomvu, palikuwa na tundu. Dogo. Nikaketi kitandani, nikaomba sindano. "Baba," akasema Neema, na sasa alikuwa analia, "jeneza litafungwa. Nani ataiona?" Nikamwambia kule mama yako anakokwenda yuko shangazi yake, na kwa ninavyomjua mimi ameshaweka kigoda mlangoni. Ya tundu ataikataa. Na hizo ulizoleta, atasema amenunua miguu jana. Neema akanitazama, akaketi kando yangu, akanishikia balbu. Mikono yangu siku hizi ni mizito, na mchungaji alituma mtu mara mbili, lakini sikuharakisha wala sikuvuta uzi. Nilipomaliza nikaingiza mkono ndani, nikainua kisigino kwenye mwanga, hapakupita kitu. Nikamvisha mwenyewe, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto yenye doa, nikamwambia aende tu, hawatamrudisha.